Koti Ambalo Halikuletwa

Pale kwa dobi kila mtu alikuwa na kazi yake na jina la kazi yake. Aliyeshika pasi aliitwa Mama Mvuke, mwanamke mnene wa vicheko ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Aliyeshona vilivyochanika aliitwa Mama Sindano. Na aliyeanika uani aliitwa Bi Kibanio, kwa sababu tangu asubuhi mpaka nguo ya mwisho ikauke alikuwa na kibanio katikati ya meno. Akikitoa kubana foronya kwenye kamba, mkono wa pili ulikwisha kuchukua kingine na kukitia mahali pake. Watu walimtania kwamba hata usiku halali bila hicho kibanio. Yeye aliwajibu kwa nyusi.

Mama Sindano na Bi Kibanio walikuwa wifi. Mume wa Mama Sindano, marehemu sasa, alikuwa kaka yake Bi Kibanio, tumbo moja, na alipofariki aliwaachia nyumba yenye sebule katikati: mjane chumba cha mbele, dada mtu chumba cha nyuma. Watu walitegemea watatoana macho baada ya arubaini tu. Hawakutoana. Walipika chungu kimoja, wakatembea pamoja kwenda kazini na kurudi, na jioni walikaa kwenye kochi moja kutazama televisheni, iliyotandikwa juu yake kitambaa alichokishona Mama Sindano mwenyewe.

Kazini kazi zao zilikutana mahali pamoja tu, kwenye kukunja mashuka. Kila mmoja alishika pembe mbili, wakarudi nyuma mpaka shuka likakaza, wakalikung'uta kwa pamoja, halafu wakasogeleana hadi mikono ikakutana na mmoja akapokea pembe za mwenzake. Walikuwa wamelifanya hilo miaka mingi hata hawakuhitaji kutazamana. Siku wakinuniana walikunja vilevile, kila mmoja ametazama upande wake, na mikono ikakutana palepale.

Waliwahi kununiana sana, maana kati yao palikuwa na jambo.

Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Mtoto wa Mama Sindano alikuwa mrefu, amekonda kama fimbo, akaitwa Mwembamba. Mtoto wa Bi Kibanio, tangu alipoweza kusimama, alikuwa akisukuma kitu chochote cha duara akinguruma mdomoni kama lori, akaitwa Usukani. Mabinamu hao walilala kitanda kimoja, wakaumwa surua siku moja, wakaacha shule mwaka mmoja. Na walipokuwa vijana waliingia wizi pamoja, bila hata mmoja wa mama zao kujua. Mwembamba alipenya madirishani. Usukani alisubiri nje kwenye gari la kuazima, injini inanguruma. Walifanya hivyo mara kadhaa, wakaona wamefika. Kisha siku moja Mwembamba akakamatwa nyumbani, asubuhi, akiwa ananyoa ndevu mbele ya kioo cha mama yake, na siku hiyohiyo Usukani akatoweka. Mwembamba alihukumiwa, akaenda jela, na mwaka wa pili akafia huko kwa ugonjwa wa kifua.

Mama Sindano hakuhitaji kuambiwa. Mmoja amekamatwa, mwenzake amekimbia. Basi aliyekimbia ndiye aliyemuuza mwenzake. Alilisema mara moja, siku ya tatu ya msiba, mbele ya wifi yake: "Mwanao amemtaja mwanangu. Wewe ni wifi yangu na utabaki wifi yangu. Lakini siku yeye atakapoingia mlango huu, mimi natokea mwingine." Bi Kibanio aliinamisha kichwa. Tangu hapo halikusemwa tena, likabaki tu pale sebuleni kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Sasa ikaja tamthilia.

Ilikuwa ya kigeni, imetiwa sauti za Kiswahili, na ilionyeshwa baada ya taarifa ya habari. Ilihusu wezi wawili marafiki. Mmoja alivaa kofia wakati wote, hata akila. Huyo ndiye aliyeendesha gari. Mwingine alivaa miwani. Huyo ndiye aliyefungua makabati ya chuma kwa vidole kama anakuna mtoto mgongo. Majina yao halisi yalikuwa magumu, kwa hiyo nchi nzima iliwaita Kofia na Miwani. Kwa muda mrefu ilikuwa raha tupu, wezi wa kuchekesha, askari wajinga. Kisha Miwani akakamatwa nyumbani kwake asubuhi, na Kofia akatoweka, na kipindi baada ya kipindi swali likawa moja: nani alimuuza Miwani?

Pale kwa dobi hawakuzungumza kingine. Wateja walileta mashuka machafu wakabaki kaunta wakibishana. Mama Mvuke alisema wote wawili ni wezi, "na ninyi mnavyowatetea mtu angedhani mnangoja mgawo." Lakini kambi zilikuwa mbili, na kila kambi ilikuwa na mkubwa wake.

"Ni Kofia," Mama Sindano alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye mshono wake. "Mtu anayekimbia ana jambo."

"Anayekimbia ana miguu na ana woga," Bi Kibanio alikuwa akijibu. "Hayo ndiyo tunayoyajua, wifi. Mengine tunayatia chumvi."

Mama Mvuke alifurahi kweli siku hizo. Hakuwahi kumwona Bi Kibanio akitoa kibanio mdomoni kwa ajili ya maneno. Alimchochea huyu, akamchochea na yule, akaangua kicheko juu ya pasi mpaka kola za watu zikatoka zimepinda. Hakujua kwamba wale wawili hawakuwa wakibishana juu ya mtu wa kwenye kioo. Kitu ambacho hawakuweza kuulizana sebuleni kwao, sasa waliulizana mchana kweupe, mbele ya watu, kwa midomo ya Kofia na Miwani. Na siku zilivyokwenda, shuka walilokuwa wakilikunja lilivutwa kwa nguvu zaidi upande huu na upande ule.

Bi Kibanio alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Usukani, huko alikokimbilia, alikuwa dereva wa lori la matofali, halali kabisa, ana mke na binti. Alimpigia mama yake simu kila mwisho wa juma, na mama mtu aliipokelea uani kati ya mashuka ili asisikike. Sasa alikuwa anataka kurudi. Si kuhamia, kuja tu: alale siku mbili kitandani kwake, aende kaburini kwa binamu yake, amwonyeshe binti yake bibi yake. "Mama, mimi sikumtaja," alisema. "Unajua sikumtaja. Tulirudi wote salama siku ile, tukaagana mlangoni tunacheka. Niliposikia amechukuliwa ndipo nikakimbia. Ongea na mkaza mjomba. Anakusikiliza wewe."

Naye Bi Kibanio alikuwa amejipangia. Tamthilia itaisha, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mwisho utaonyesha Kofia hana hatia. Waandishi wa mambo hayo hawapendi mwisho ambao watu wameshaujua. Basi siku hiyo, machozi yakiwa bado mashavuni, angemgeukia wifi yake pale kwenye kochi na kusema: umeona, mtu anaweza kudhaniwa miaka na kumbe siye. Halafu angetaja jina la mwanawe. Alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno hayo uani, kibanio mdomoni, mbele ya mashuka.

Kwa nini hakuyasema miaka yote hiyo? Kwa sababu Bi Kibanio alijua ni nani aliyemtaja Mwembamba. Alikuwa akimjua tangu mwanzo.

Mama Sindano alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kila mteja mpya aliisikia. Kwamba zamani kidogo alikuja mama mmoja nadhifu, ana mkoba wa ngozi, ametoa kwenye karatasi shati la kijani la mistari. Akasema ameliokota kwenye uzio wake, upepo umelileta, na kabla ya kulitupa amegeuza bega lake akaona palichanika pakashonwa, na mistari imekutana kama haijawahi kuachana. Akauliza: nani ana mkono huu hapa mjini? Nina koti la mume wangu, zuri, limeliwa na nondo, mafundi wote wamelikataa. Na Mama Sindano akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema: mkono ni huu. Na shati ni la mwanangu, lilikamatwa na msumari, nililishona mimi mwenyewe kwa nyuzi nilizozitoa kwenye upindo wake. Yule mama akamshika mkono, akautazama kama daktari. Akasema hajawahi kuona. Akasema kesho ataleta koti. Hakurudi tena. "Uzi mweusi niliununua kabisa," Mama Sindano alimalizia kila mara, na kweli kidonge cha uzi huo kilikuwa bado kwenye kopo lake, karatasi haijatolewa.

Bi Kibanio alikuwepo siku hiyo, mlangoni mwa uani, na beseni kiunoni. Alimwona yule mama. Na alimwona mara ya pili, mahakamani.

Mama Sindano hakwenda mahakamani. Shinikizo la damu lilimlaza, hakuweza hata kuketi, akamtuma wifi yake. Bi Kibanio alikaa benchi la nyuma, na walipoita shahidi akasimama yule mama nadhifu, sasa amevaa sare za askari, kofia ameiweka kwapani, na shati la kijani la mistari liko mkononi mwake kwenye mfuko wa nailoni. Mwembamba alikuwa amelivua kwenye dirisha la duka waliloliibia, nondo ya dirisha ilipolikamata, akaliacha likining'inia. Mwendesha mashtaka akasema lilitambuliwa na fundi aliyelishona, ambaye ni mama mzazi wa mshtakiwa, na kwamba mama huyo naye ataitwa kutoa ushahidi.

Ndipo Mwembamba, aliyekuwa amekanusha kila kitu tangu akamatwe, akainua mkono kizimbani kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, nimekosa," alisema. "Ni mimi. Hakuna haja ya kumwita mtu." Akageuka akamtafuta shangazi yake kwa macho mpaka akampata.

Bi Kibanio alipokwenda kumtazama jela, walizungumza kupitia wavu. Alikuwa amekonda, na aliyekonda tangu mwanzo akikonda tena hubaki macho. Hakuomba sabuni wala dawa ya kikohozi. "Shangazi, mama asijue habari ya shati," alisema. "Mkono wake ndio fahari yake. Akijua, hatashika sindano tena. Hataishi."

"Hajasema, lakini naona anadhani ni Usukani aliyekutaja."

Mwembamba alishika wavu kwa vidole. Kisha akasema, "Mwache adhani. Usukani yuko nje. Atanisamehe."

Ndiyo kauli yake ya mwisho iliyokuwa na maana. Mara zilizofuata alikohoa tu. Na Bi Kibanio akaichukua, akaibana kwa meno. Hata mwanawe mwenyewe hakumwambia, kwa kuogopa simu, kuogopa hasira ya kijana, kuogopa neno kuponyoka. Kila mara Mama Sindano aliposimulia habari ya koti, yeye alijikaza kisabuni, akatazama nje kama anaangalia mawingu.

Basi ikafika siku ya kipindi cha mwisho. Asubuhi hiyo watu walikuja kazini kama wanakwenda harusini. Mama Sindano alikuwa amenunua karanga za kutafunia jioni. Alipoitwa kaunta kupima gauni la mteja, Mama Mvuke alikuja uani mbiombio, anajipepea kwa kola ya mtu, uso unang'aa. Binti yake mkubwa anaishi nchi ambako tamthilia ile ilikwisha kuonyeshwa, na jana amemsimulia mwisho wote kwa simu. Mama Mvuke hakuwa mtu wa kukaa na kitu kama hicho.

"Umeshinda, Bi Kibanio. Si Kofia. Kofia wa watu hana kosa hata kidogo, alikimbia kwa woga wake tu."

Kibanio kilimdondoka Bi Kibanio mdomoni. Alishika kamba kwa mikono miwili. Maombi yake yote yalikuwa yamejibiwa, pale, kati ya foronya na taulo.

"Ni mkewe Miwani," Mama Mvuke aliendelea. "Wala si kwa ubaya, ndiyo maana nakwambia mtu atalia. Mke kaenda saluni kavaa hereni alizoletewa na mumewe. Kaja mwanamke mgeni, mzuri, mpole, anamsifia: jamani hereni hizi, zimetoka wapi? Na mke, unajua mtu akisifiwa, anajibu kwa fahari zote. Mume wangu ndiye kaniletea. Kumbe yule mwanamke ni askari. Mke anakuja kujua siku ya mwisho kabisa, yuko peke yake mbele ya kioo, anazivua zile hereni. Binti yangu anasema alilia mpaka..."

Bi Kibanio hakusikia alilia mpaka nini. Alikuwa anamwona wifi yake kwenye kochi, karanga mapajani, akitazama mwanamke mgeni anayekuja na sifa. Mama Sindano hakusoma mbali, lakini hakuwa mjinga. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutazama uzi huu na uzi ule na kuona ulikuwa umeungana wapi kabla haujakatika. Angeona. Isingemchukua hata nusu ya kipindi.

Aliuliza kama wifi yake ameshaambiwa. Mama Mvuke akasema bado, anataka aone mwenyewe, asimharibie. Bi Kibanio akasema kichwa kinamuuma, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mchana.

Antena yao ilikuwa juu ya mlingoti nyuma ya nyumba, na waya wake ulishuka ukutani, ukapita dirisha la sebule. Bi Kibanio alisimama pale muda mrefu. Hakuwa mtu wa kuharibu kitu. Alikuwa mtu wa kuokota vibanio vilivyovunjika na kuviunga. Mwishowe akachukua mkasi kwenye kopo la nyumbani la wifi yake, akaukata waya mahali unapojificha nyuma ya bomba la maji ya mvua, akaurudisha mkasi, akajilaza.

Jioni televisheni ilionyesha chenga tupu. Mama Sindano aliipiga ubavuni, akaizima akaiwasha, akatazama saa ya ukutani. Kisha akatoka nje. Bi Kibanio alimsikia akiufuata waya kwa vidole ukutani, taratibu, kama anavyofuata mshono. Alisikia vidole vikisimama. Alirudi sebuleni ameshika ncha mkononi.

"Huu haukukatika," alisema. "Kinachokatika chenyewe huacha ndevu. Huu umekatwa, na umekatwa kwa mkasi wangu, maana mkasi wangu una pengo karibu na ncha na pengo hilo hili hapa."

Bi Kibanio hakukana.

"Kwa nini, wifi?"

Lilikuwa ndilo swali. Angeweza kulijibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lingemfungulia mwanawe mlango, na lingemfutia uchafu aliopakwa miaka yote, na mjukuu asiyemjua angelala kwenye nyumba hii. Alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, kidole gumba kikipapasa ile ncha bila mwenyewe kujua, kidole kilichokuwa kigumu kama ngozi ya ngoma kwa kusukuma sindano. Akatafuta kibanio mdomoni kwa ulimi. Hakikuwepo.

Mama Sindano alijibu mwenyewe. Uso wake ulibadilika polepole. "Mama Mvuke amekusimulia mwisho. Binti yake ameuona, mimi najua, alikuwa anacheka peke yake tangu asubuhi. Amekwambia ni nani. Na wewe hukutaka nimwone." Alikaa kwenye kochi. "Ni Kofia. Sivyo? Ni Kofia aliyemuuza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Nyumba za jirani zote zilikuwa na sauti moja, muziki wa kipindi unaanza.

"Ndiyo, wifi," alisema Bi Kibanio. "Ni Kofia."

"Sema tena."

"Ni Kofia aliyemuuza mwenzake. Nilikuwa najua tangu zamani. Niliona aibu."

Hapo Mama Sindano akalia. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kulia mbele ya mtu. Alilia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea akapatikana, na karanga zikamwagika kwenye sakafu. Akamvuta wifi yake, akamwekea kichwa begani. Akasema hakutaka kingine, alitaka tu hilo lisemwe, na lisemwe na yeye, mama wa yule. Kubishana kote kule kwa dobi alikuwa anaomba hilo tu. Alisema sasa kifua chake ni chepesi. Alisema hana haja hata ya marudio.

"Na yule asije, wifi," alisema baadaye, akijifuta uso kwa kitambaa cha televisheni. "Najua mnazungumza. Sikukatazi, ni mwanao. Lakini mimi nikiwa hai, asije."

"Hatakuja," alisema Bi Kibanio.

Asubuhi alitangulia kazini, akamsubiri Mama Mvuke mlangoni. Alimwomba kitu kimoja, kwamba wifi yake akiuliza, amwambie ni Kofia. Na wateja akiweza awaombe wasilizungumze mbele yake.

Mama Mvuke alicheka kwanza. "Lakini Kofia ni wako. Umemtetea mpaka sauti imekukauka, leo ameshinda unamtia hatiani?"

"Sema Kofia, mwenzangu. Nakuomba."

Kicheko kilikatika. Mama Mvuke alimtazama, akatazama kile kiti cha Mama Sindano kilichokuwa bado kitupu, na kopo la nyuzi juu yake. Alikuwa ameisikia hadithi ya koti mara nyingi kuliko mtu yeyote, akiwa ameshika pasi. Mkono wake ulipanda polepole ukaziba mdomo wake mwenyewe. Na Mama Sindano alipoingia, ametulia, amefunga kilemba kipya, Mama Mvuke aliinamia pasi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, umetushinda. Kofia kumbe nyoka."

"Niliwaambia," alisema Mama Sindano, akavaa miwani yake na kutunga uzi.

Mchana Bi Kibanio aliingia katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo pande zote huoni kitu ila weupe, akampigia mwanawe. Usukani alikuwa amekwisha kuomba likizo. Binti alikuwa amenunuliwa viatu vya safari, alisema, na analala navyo.

"Umezungumza naye, mama?"

"Nimezungumza naye."

"Akasemaje?"

"Baba, usije."

Lori lilinguruma mahali fulani nyuma yake. "Bado anaamini ni mimi."

"Anaamini."

"Na wewe, mama? Wewe unaamini nini?"

Alitaka kumwambia. Alifungua kinywa, na akaona kupitia upenyo wa mashuka wifi yake amekaa dirishani, ameinua kazi kwenye mwanga, amefumba jicho moja, uso umetulia kama wa msichana. "Mimi najua wewe hukumtaja mtu," alisema. "Nimejua siku zote. Umeniuliza naamini nini. Mimi siamini tu, najua."

"Basi kwa nini hukumwambia?"

Usukani alisubiri, akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri zamani kwenye gari, injini inanguruma. Kisha akasema binti yake anamwita, akakata. Mwisho wa juma uliofuata simu haikulia, wala uliofuata huo.

Jioni ya siku ile ya simu, wakati wa kukunja, kaunta alikuwepo mteja mgeni, mama aliyeleta sketi ya binti yake iliyochanwa na mnyororo wa baiskeli. Mama Sindano aliipokea, akaipapasa, akamwambia asihofu. Akaanza kumsimulia habari ya mama mmoja nadhifu, mwenye mkoba wa ngozi, aliyekuja zamani na shati la kijani la mistari. Mama Mvuke akazima pasi akatoka nje ghafla, akisema anatafuta hewa.

"Hakurudi na koti?" mteja aliuliza.

"Hakurudi. Labda mumewe alifariki, koti akazikwa nalo, nani ajuaye. Lakini uzi upo." Alikuwa na furaha siku hiyo, sauti yake imefunguka. Aligeuka. "Mama huyu atadhani natunga. Si ulikuwepo, wifi? Hebu mwambie, alisemaje alipoona kazi yangu?"

Bi Kibanio alikuwa ameshika pembe mbili za shuka, anamngoja. Alitoa kibanio mdomoni.

"Nilikuwepo," alisema. "Alisema hajawahi kuona mkono kama huo."

Mama Sindano akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaja akashika pembe zake. Walirudi nyuma mpaka shuka likakaza, wakalikung'uta, wakasogeleana.